Utando wa Siki

Zamani bomba likipauka lilifunguliwa, likapelekwa kwa fundi na kurudi nyumbani liking'aa kuliko siku liliponunuliwa. Leo linatupwa jalalani, linanunuliwa la plastiki, na aliyelitupa anajiona ameendelea.

Katika zama hizo alikuwapo fundi wa kuchovya nikeli ambaye mtaa mzima ulimwita Kioo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mkewe, naye alilitumia akikasirika tu. Aliitwa Kioo kwa sababu kitu chochote kilichopita mikononi mwake, kiwe kitasa, kengele ya baiskeli au bampa ya gari, ungeweza kukisimamisha dirishani ukanyolea ndevu. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na karakana, tangi, na kikohozi.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Ukiingia ulikutana kwanza na gurudumu la kung'arishia, ambalo vumbi lake lilimfanya Kioo aonekane kama mtu aliyefukuliwa. Likafuata jungu la magadi ya moto la kuondolea mafuta, kisha beseni la tindikali. Kisha tangi lenyewe, limejaa maji ya nikeli ya kijani kama chupa, ambamo vyombo vilining'inia kwa ndoano za shaba na umeme ukavivalisha nguo mpya. Mwisho lilikuwapo pipa la suuza, chini ya pipa tundu, na nje ya tundu mtaro. Kwa maoni ya Kioo, mambo yaliishia hapo. Kilichoingia mtaroni hakikuwa chake tena.

Maji ya tangi lile hayakuwahi kumwagwa. Yaliongezwa, yakachujwa, yakarekebishwa, lakini maji ya msingi yalikuwa yale yale aliyoyachanganya marehemu baba yake. Kioo aliyajua kama mtu anavyoijua sauti ya mzazi. Na pamoja na maji yale aliachiwa sheria moja: kisichooga tindikali hakiingii tangini. Chombo kinaweza kuonekana safi kama roho ya mtoto, lakini mafuta ya kidole kimoja yanatosha nikeli ibabuke. Kwa hiyo kila kitu kilioga. Aliogesha kijiko cha mteja kilichotoka kuoshwa, aliogesha hata ndoano. Mkono wake ulikwenda kwenye beseni la tindikali wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Nyuma ya karakana kulikuwa na ua, na ua ulikuwa wa mkewe. Watu walimwita Mama Siki. Alitengeneza siki kwa maganda ya mananasi katika mapipa mapana, akaiuza kwa chupa. Sasa, mvuke wa siki hupausha shaba iliyosuguliwa, na shaba iliyopauka humkosesha fundi adabu. Mwanzoni mwa ndoa yao Kioo alichora mstari wa chaki kizingitini: siki isivuke. Chaki ilifutika zamani. Mstari ulibaki.

"Unaiogopa siki na wewe unashinda kwenye tindikali," mkewe alimwambia. "Ningekuwa nakupaka siki kila asubuhi labda ungenyooka."

"Siki ni ya saladi, mama. Kazi za watu ziache."

"Haya, mwenye kazi. Ukimaliza kujitazama kwenye bampa, chakula kiko tayari."

Juu ya kila pipa la siki hukua utando. Ni mweupe, unateleza, unafanana na ule wa maziwa yaliyopoa ila ni mnene na mgumu kama ngozi. Watengenezaji siki wote wanaujua. Mama Siki alitunza kipande cha kuanzishia pipa jipya, uliobaki akawatupia kuku, na kuku wenyewe waliuparua wakaenda zao.

Dada yake Kioo, aliyemzidi umri na aliyembeba mgongoni utotoni, alilima mboga huko chini mtaro ulikopanuka. Kwa miaka mingi mboga zake zilisifiwa. Kisha majani yakaanza kuwa ya njano katikati ya mishipa, na mizizi ikadumaa. Siku moja aliingia karakana na tita zima, akalibwaga juu ya meza ya kazi.

"Tazama wanao," akasema.

"Hizo ni mboga, dada. Tia mbolea."

"Mbolea nimetia. Zinataka ndugu yangu aache kunimwagia haya maji yake ya kijani."

"Maji yakishatoka hapa si yangu. Yakifika kwako ni ya mtaro."

Dada alimtazama kama alivyomtazama zamani kabla ya kumnasa kofi. Kofi halikuja. Alikwenda ofisi ya maji, na baada ya muda akaja mkaguzi, kijana mpole mwenye mkoba wa vichupa. Alikinga maji yaliyotoka kwenye tundu, akadondoshea dawa. Maji yenye nikeli yakikutana na dawa ile hugeuka mekundu. Haya yaligeuka mekundu kama ulimi wa ng'ombe.

"Mzee wangu, sina ubaya na wewe," akasema mkaguzi. "Lakini mvua zikija huu mtaro utafurika, na huko chini kuna visima. Zikianza kunyesha na maji yako bado yako hivi, tangi litamwagwa kwenye shimo la sumu na mlango utapigwa kufuli."

"Nani kanishtaki?"

Mkaguzi alijishughulisha na mkoba wake. Aliyejibu alikuwa dada, amesimama mlangoni.

"Mimi. Usimsumbue mtoto wa watu."

"Dada. Damu si nzito kuliko maji?"

"Nzito, ndiyo. Lakini mboga hazinywi damu."

Watu wa leo wangetukanana kwenye simu mpaka dunia nzima ijue. Hawa walikuwa watu wa zamani, ugomvi wao ulikuwa na adabu. Siku za mapumziko dada aliendelea kuja kula kwa Mama Siki. Kioo alimpitishia chumvi bila kumtazama, naye akaipokea bila kushukuru. Lakini ndani kwa ndani Kioo alikuwa ameshaanza matanga. Kulimwaga tangi lile kulikuwa sawa na kumzika mzee mara ya pili, tena katika shimo la sumu.

Binti yao aliosha vyombo na kutunza vifaa katika maabara ya chuo. Ndiye aliyeanzisha mazungumzo, mezani, dada akiwapo.

"Baba, pale chuoni wanajaribu kunasa madini kwenye maji ya viwanda. Wanatumia kitu kilichofumwa na bakteria."

"Bakteria wa ugonjwa?"

"Si wote wa ugonjwa. Hawa wanafuma nyuzi, nyembamba kuliko za buibui. Madini yanapita, yanashikwa kwenye nyuzi. Leo nimekiona hicho walichokifuma kwenye sahani." Akamgeukia mama yake. "Mama, ni utando wako wa siki."

Mama Siki akaweka kijiko chini. "Huu ninaowatupia kuku?"

"Huo huo. Ila wao wanauandaa kwanza."

"Ndiyo maana kuku waliukataa, wifi," akasema dada. "Walijua una kazi nyingine."

Kioo hakucheka. Alisema hawezi kuitundika heshima ya baba yake kwenye uchafu wa siki. Hapo mkewe akamwita kwa lile jina lake la kuzaliwa.

"Umeshindwa na dada yako. Umeshindwa na yule kijana wa vichupa. Kwangu utashindwa leo au kesho?"

Kioo alitafuna, akameza.

"Kesho," akasema.

Basi kesho yake ua ukageuka karakana ya pili. Mama Siki aliyaacha mapipa bila kuyagusa, kwa sababu utando haupendi kutikiswa. Ukitikiswa hujikunja ukawa vipande vipande. Ulipokuwa mnene wa kutosha aliuvua, akauchemsha kwa magadi mpaka harufu ya siki ikaisha na ukawa mweupe kama karatasi. Binti akaleta maarifa ya maabara: tando zililowekwa katika maji ya ule unga mchachu wa limau, zikakaushwa, zikaokwa kwenye oveni kwa moto wa wastani, kisha zikaoshwa tena kwa magadi. Limau, alieleza, ndilo linalouongezea uzi vidole vya kushikia. Oveni ilinuka limau msimu mzima.

Walijaribu kwenye beseni la kufulia. Kioo mwenyewe alichota maji ya suuza, ya kijani hafifu, akatia utando na kuuacha huku akiendelea kusugua vitasa. Aliporudi, maji yalikuwa meupe na utando umekuwa wa kijani. Binti akadondosha dawa aliyoomba maabara. Maji hayakubadilika.

"Labda dawa imechacha," akasema Kioo.

Binti akadondosha dawa ile ile katika maji ya suuza ambayo hayakupita kwenye utando. Yakawa mekundu papo hapo. Kioo akajikuna shingo. Jioni ile alionekana akipiga randa mbao. Alitengeneza vihori vitatu, kimoja chini ya kingine kama ngazi, kuanzia kwenye tundu hadi mtaroni, na kila kihori akakinakshi ukingo ingawa hakuna aliyemwomba nakshi. Ndivyo mafundi walivyokuwa. Leo ukimwagiza mtu jeneza anakuuliza kama upande wa chini nao upigwe rangi.

Tando zilipokuwa tayari, Kioo alizipanga vihorini mwenyewe, asubuhi, kabla mkewe hajamaliza kufagia ua. Alitaka kuzipa heshima zake. Kisha akafungulia maji, akawaita mkewe na binti, akakinga maji kwenye kihori cha mwisho. Binti akadondosha dawa.

Nyekundu.

Akarudia. Nyekundu tena, kama vile hakukuwa na kihori wala utando wala nakshi. Nje, mawingu yalikuwa yameanza kurundikana.

"Siki yako, mama," akasema Kioo. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa hiyo ikauma zaidi. "Nilisema ni ya saladi."

Mama Siki alizamisha mkono kwenye kihori ili autoe utando autazame. Vidole vyake vilikuwa na nyufa, kama vya kila mtu anayeshinda kwenye siki. Mara akauvuta mkono, akaupuliza.

"Hii siyo yangu," akasema. "Siki inawasha taratibu, inabisha hodi kwanza. Hii inauma kama wewe. Umezifanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimezipanga tu."

"Umezipanga tu."

"Nimeziogesha, nikazipanga."

"Umeziogesha na nini?"

Kioo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali.

"Tindikali. Kitu gani kimewahi kuingia majini kwangu bila kuoga?"

Binti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mama Siki alijaribu kukasirika, midomo ikamsaliti.

"Baba," binti akasema alipopata pumzi, "zile nyuzi ni kama benchi. Nikeli inakuja kukaa. Wewe umeleta tindikali, imejaza benchi zima, mgeni amefika hana pa kukaa, amepita zake mtaroni."

Kioo hakucheka. Alisimama akitazama kihori, midomo ikichezacheza.

"Benchi," akasema. "Na ikiwa nikeli imeshakaa, halafu tindikali ndiyo ikaja?"

Hakusubiri jibu. Alitoka kwenda uani akarudi na ule utando wa kijani wa kwenye beseni la kufulia, akautumbukiza katika tindikali kidogo ndani ya chupa pana. Wote watatu wakainama. Ukijani ulianza kujitenga pembezoni, polepole, kama chai inavyoachia rangi. Utando ukawa mweupe. Tindikali ikawa ya kijani, kijani kile kile anachokijua, cha tangi.

"Inarudi," akasema Kioo.

"Maabara nao wanafanya hivyo, baba. Sikuwaza kukuambia."

"Vizuri hukuniambia. Nimefika kwa miguu yangu."

Siku ile alifanya kitu ambacho mkewe alikisimulia mpaka mwisho. Alibeba chupa ile kwa mikono miwili, akaimimina tangini kidogo kidogo, akikoroga, kama anayemrudishia mtu mali yake. Kisha akaenda akasimama penye tundu la pipa la suuza na kukaa akilitazama. Baba yake alilitoboa, yeye akalipanua. Alipogeuka alisema tu kwamba tando zirudi kwa magadi, kazi ianze upya.

Na ikaanza upya. Safari hii Mama Siki ndiye aliyezipanga vihorini, Kioo amesimama nyuma mikono mfukoni, kwa amri.

Mkaguzi alikuja siku ambayo upepo ulishanuka mvua. Dada naye alikuja, amevaa nguo ya kutokea, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kioo alikuwa akichovya seti nzima ya mabomba ya hospitali, maji ya suuza yakitoka kijani kama kawaida, yakishuka kihori kwa kihori. Mkaguzi akakinga mwishoni. Akadondosha dawa. Akasubiri, akatikisa, akaongeza tone, akainua kichupa dirishani. Maji yalikaa vile vile, meupe, kama yaliyotoka mbinguni.

"Mzee, hii kazi nani kaifanya?"

Kioo alikuwa mtu ambaye hajawahi kumsifu mtu mbele ya mtu. Alikwenda mpaka kizingitini, akamshika mkewe mkono, akamvusha ule mstari usioonekana.

"Huyu, na binti yetu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuharibu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," Mama Siki akanong'ona, lakini alikuwa amesimama wima kama bendera.

"Mimi sipaki, mama. Mimi nachovya."

Dada aliinuka, akakinga maji ya kihori cha mwisho kwenye kopo, akaondoka nalo kwenda kwenye mboga zake. Mvua zilinyesha, mtaro ukafurika, visima vikabaki salama, tangi likabaki limejaa. Na msimu ulipogeuka, siku ya kazi, mlango wa karakana ulifunguliwa bila hodi, tita la mboga likabwagwa juu ya meza. Majani yalikuwa ya kijani kilichokolea hadi kinaelekea weusi.

"Tazama wanao," dada akasema. Safari hii Kioo alimpitishia kigoda, na akamtazama.

Siku hizi kusafisha maji ya kiwanda kunafanyiwa mkutano, watu wanapewa fulana na kofia, wanapigwa picha wakiwa wameshika ndoo tupu, kisha wanarudi nyumbani na maji yanaendelea kuwa vile yalivyokuwa. Wao walikuwa mume, mke na mtoto, na mapipa ya maganda ya mananasi. Hakuna aliyewapiga picha.

Habari zilifika mbali kwa njia ya chuo. Kiwanda kikubwa cha mabomba, katika mji wa safari ndefu, kikamtaka binti aende akasimamie jambo hilo hilo kwa vihori vya ukubwa wa nyumba. Binti akasema maarifa anayo, lakini wa kuotesha utando ni mama yake. Kwa hiyo Mama Siki akakubali kwenda kuwafundisha, arudi tando za kwanza zikishashika. Kioo hakuweza kufuatana nao. Tangi haliachwi peke yake, lina matunzo kama mgonjwa.

Tando za kwanza zilishika. Mama Siki aliziona, akazipapasa, akawaambia vijana wa kiwanda waache kutembeatembea karibu na mapipa kama ng'ombe waliofunguliwa. Kisha homa ikamkamata, na barabara zilikuwa zimekatwa na mvua. Alizikwa huko huko. Kioo alifika udongo umeshakauka.

Alimtembeza binti yake mkono kwa mkono katika kiwanda kile, au binti ndiye aliyemtembeza yeye. Mapipa yalijipanga mpaka macho yakachoka. Wafanyakazi ambao hawakuwahi kumwona marehemu walikuwa na msemo: utando ukitanda vizuri juu ya pipa, husema, "Mama Siki amefunika." Kioo aliusikia msemo huo kwa masikio yake, kwa mtu asiyejua anaongea mbele ya nani, na hakujitambulisha. Aliurudisha nyumbani. Aliwasimulia wateja wote, na wateja walipopungua na plastiki ikachukua mahali pao, alimsimulia dada yake, aliyekuwa akiujua, na aliyeusikiliza kila mara kama mpya.

Mara ya mwisho Kioo kuwaona mkewe na binti yao pamoja ilikuwa asubuhi ile ya safari yao ya kiwandani. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, lakini Mama Siki alisema haendi kwa watu na utando wa kuazima, akavua mmoja mpana kutoka pipa lake la zamani. Yeye ameshika pembe mbili, binti pembe mbili, wakaunyoosha katikati ya ua kama shuka, maji yakichuruzika, jua likipita ndani yake likawa la maziwa. Walikuwa wakibishana ukunjwe mara ngapi ili uingie kwenye mtungi. Kioo alikuwa amesimama upande wake wa kizingiti.

"Unatazama nini?" Mama Siki akamwambia. "Katikati unalegea. Njoo ushike."

"Mikono yangu ina tindikali."

"Si uioshe."

Akaiosha, akavuka, akashika.